Kitalu cha Barabara ya Kiambu: hapa udongo unauzwa na mtu anayejua ulikotoka

Kwanza bei, ili anayetafuta udongo asilazimike kusoma yote. Nilinunua magunia 20 ya udongo mwekundu uliochanganywa na samadi, gunia moja shilingi 350, na kanta (lori dogo) ya kuleta mzigo hadi kwangu Ruai, mashariki mwa Nairobi, ikanigharimu shilingi 4,500. Jumla shilingi 11,500, nikalipa kwa M-Pesa magunia yakiwa yameshashushwa. Hiyo ilikuwa Machi 2025. Tangu hapo nimerudi pale mara mbili, na misimu miwili ya mboga imepita, kwa hiyo ninachosema nimekiona shambani mwangu.

Mimi ni fundi wa mawe. Nilianza kijana machimboni upande wa Njiru, nikaja nikawa najenga kuta na ngazi za mawe kwenye mijengo ya Nairobi, mwaka huu ni wa 24. Nataja hilo kwa sababu udongo mimi nimeujulia upande wa jiwe. Lile jiwe letu gumu la kijivu, linalosagwa kuwa kokoto, likiwa zima ukiligonga kwa nyundo linalia. Wanajiolojia huliita fonoliti, na jina lenyewe maana yake ni jiwe la mlio. Likiwa limeoza halilii. Linatoa sauti fupi iliyokufa, kama ngumi kwenye gunia la unga, na hapo fundi anajua kabla hajalipasua atakachokikuta. Ukilipasua unaona ganda la rangi ya chai ya maziwa limelizunguka pande zote, unene wa kidole, na katikati kiini cha kijivu ambacho bado ni kigumu. Ganda lile unalikwangua kwa ukucha. Lisugue kati ya vidole viwili ukiwa umelilowesha kidogo, nalo linateleza na kushika kama matope. Hapo ulichoshika ni nusu jiwe, nusu udongo. Nimeyabandua maganda hayo kwa tindo maelfu ya mara na kuyatupa, maana hakuna mwenye nyumba anayetaka jiwe lenye ganda kwenye ukuta wake.

Sasa mbona mtu wa Ruai anunue udongo? Anayeishi huku anajua jibu. Ploti yangu ni udongo mweusi, ule mafundi tunauita blakikotoni. Mwezi wa Februari unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia hadi kwenye kifundo. Mvua ikinyesha unavimba, unashika gambuti mpaka unavua mguu ukaacha kiatu. Nyumba iliyojengwa juu yake bila kuuchimba wote na kuutoa hupata ufa kuanzia dirishani, nami nimeitwa kurekebisha nyufa za namna hiyo mara nyingi mno. Mahindi yanaweza kuota, ila dhania, vitunguu na karoti vilinishinda kabisa.

Kwa hiyo mapema 2024 nilinunua udongo kwa mara ya kwanza, kwa mtu mwingine, mwenye lori, ambaye jina lake nitaliacha. Aliniambia ni udongo wa Kiambu, safi kabisa, shilingi 9,000 lori zima. Ulikuwa mwekundu wa kupendeza kama tofali. Haukuwa na harufu yoyote. Nilipoutandaza nikaokota ndani yake vipande vya ganda la jiwe lililooza, vile vile ninavyovijua, na moyo ukanishuka. Ganda la namna ile hukaa chini kabisa, karibu na mwamba wenyewe. Nilikuwa nimeuziwa kifusi cha kuchimbia msingi wa ghorofa. Ulitoka Kiambu kweli, lakini ulitoka mita kadhaa chini ya pale mizizi inapoishi, mahali ambapo jani halijawahi kuoza. Sukuma wiki ilidumaa, majani yakageuka rangi ya zambarau. Nimekuja kuelezwa kwamba udongo mwekundu una chuma kingi, na chuma hicho huikamata fosforasi isiufikie mmea. Penye mboji na samadi mmea hupata nafuu, na mle hamkuwa na kimoja wala kingine.

Hasara yenyewe ikaja Aprili, na wote tunaikumbuka ile mvua ya 2024. Nilikuwa nimeulundika udongo ule kando ya ua, hauna ukingo, haujafunikwa. Jioni ya kwanza nikaona vijifereji upana wa kidole vikishuka kwenye lundo. Asubuhi vilikuwa upana wa kiganja. Kufikia wiki ya pili maji mekundu yalikuwa yakipita chini ya geti langu kama mtu amemwaga rangi, yakaingia mtaroni. Nilisimama pale na mwavuli nikijua yanakokwenda. Maji ya upande wetu huingia Mto Nairobi, Mto Nairobi ukaingia Athi, na Athi huko mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, mpaka baharini karibu na Malindi. Niliwahi kujenga ukuta Malindi mwaka wa 2019, nikaiona bahari imekuwa kahawia baada ya mvua za bara. Wenyeji waliniambia ni udongo wa kwetu, wa juu huku. Sasa na wangu umo.

Nimeyaeleza hayo yote ili mjue nilivyofika kwa mama wa kitalu nikiwa na roho nzito na maswali mengi.

Kitalu hakina kibao. Ni safu za miche chini ya neti nyeusi kando ya Barabara ya Kiambu, na nyuma yake marundo matatu ya udongo yamefunikwa turubai. Nilikuwa na kazi ya ukuta maeneo hayo, nikapita jioni nikiwa na vumbi la mawe hadi kwenye nyusi. Nikauliza bei. Badala ya kunitajia bei aliniuliza, “Fundi, huko kwenu mvua ikinyesha maji huenda wapi?” Nikamjibu hayaendi popote, hukaa. Akasema, “Basi usinunue leo. Niletee kopo la udongo wa kwako, na donge moja lililokauka.” Muuzaji akikataa pesa yako siku ya kwanza, unarudi.

Nilirudi Jumamosi. Akachukua glasi mbili za maji, akaziweka juu ya meza. Katika moja akatia donge langu jeusi, katika nyingine donge la ukubwa uleule kutoka rundo lake jekundu. Akaendelea kumhudumia mteja mwingine, akiniacha nitazame. Donge langu lilianza kutoa mapovu madogo madogo, likavimba, kingo zikalegea. Baada ya muda lilikuwa limebomoka na kulala chini ya glasi, na maji juu yake yamekuwa kama uji mwembamba. Donge lake lilipasuka pia, lakini lilipasuka vipande, tembe tembe za ukubwa wa maharagwe zenye kona, na zikabaki hivyo. Maji yalipungua weupe kidogo tu. Unaweza kusoma gazeti kupitia glasi ile.

Hapo akanieleza jambo ambalo, pamoja na miaka yangu yote na mawe, sikuwa nikilijua. Nilidhani udongo mwekundu ni mzuri kwa sababu una mchanga mwingi kuliko wetu. Sivyo. Yote miwili ni mfinyanzi. Huo mwekundu nao umejaa mfinyanzi, ila kutu ya chuma imezigandisha chembe zake pamoja zikawa tembe, na kati ya tembe na tembe maji na hewa hupita. Mfinyanzi wa kwetu ni wa aina nyingine: umejipanga kama kurasa za daftari, maji huingia kati ya kurasa na kuzitanua, na ukikauka kurasa hubanana, ndiyo zile nyufa za Februari.

Kisha akaokota katika kopo langu vile vijiwe vyeupe vidogo ambavyo kila mtu wa Ruai amevikanyaga. Akakata ndimu, akakamulia tone juu ya kimoja. Kikachemka. Povu jeupe dogo, unalisikia ukiinama. “Hiyo ni chokaa,” akasema, “na haikuletwa na mtu.”

Mawe ya asili ya Kiambu na ya kwetu ni ndugu. Yote yalitoka kwenye volkano, lava na majivu yaliyomwagika mamilioni ya miaka iliyopita, wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka. Maji ndiyo yaliyoyatenganisha. Mvua inaposhuka hubeba hewa ya kaboni, na ikipita kwenye majani yanayooza hubeba zaidi, ikawa asidi dhaifu, dhaifu kuliko soda. Asidi hiyo haina haraka. Huingia kwenye mpasuko wa jiwe, hula madini yanayoitwa feldispa, ikayageuza mfinyanzi, na kinachoyeyuka, chumvi za sodiamu na potasiamu na kalisi, huondoka na maji. Ndilo lile ganda la rangi ya chai ninalolibandua kwa tindo. Kona za jiwe huliwa pande tatu kwa pamoja, ndiyo maana mawe yaliyooza chini ya ardhi huwa mviringo, na ukiyachimbua yanabanduka tabaka tabaka kama kitunguu. Jua la mchana na baridi ya usiku husaidia kupanua nyufa, mizizi ikaja ikapenya, na huko juu Mlima Kenya barafu nayo hupasua miamba karibu kila usiku. Lakini kwa joto letu na mvua yetu, kazi kubwa ni ya asidi.

Sasa tazama miteremko. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua ni nyingi na ardhi imeinama. Maji hupita ndani ya udongo na kuendelea na safari, yakichukua kila kinachoyeyuka. Kinachobaki ni mfinyanzi na chuma, na chuma hushika kutu, ndiyo wekundu wote ule wa Kikuyu na Kiambu. Ruai iko karibu mita 1,500, ni tambarare, mvua ni chache. Maji huja, hutuama, hukauka juani, na ile kalisi iliyobebwa kutoka juu hukosa pa kwenda, ikaganda kuwa vijiwe vya chokaa. Mama wa kitalu alisomea kilimo, akaniandikia nyuma ya risiti jina la mtaalamu aliyeliona jambo hili akiwa papa hapa Afrika Mashariki: Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika. Mwaka wa 1935 aliupa mfuatano huo wa udongo, mwekundu juu ya mlima na mweusi bondeni, jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Risiti hiyo ninayo. Tangu siku ile nikipanda matatu kutoka mjini kurudi Ruai natazama dirishani pale rangi inapobadilika kwenye mitaro iliyochimbwa karibuni.

Turudi kwenye bidhaa. Swali langu kubwa lilikuwa: huu unaoniuzia umetoka kina gani? Akanijibu bila kusita. Yeye huchukua udongo wa juu tu, takriban futi moja, kwenye mashamba ya kahawa yanayogeuzwa kuwa mitaa ya nyumba. Huwalipa wenye tingatinga waukwangue na kuuweka kando kabla msingi haujaanza kuchimbwa. Udongo ambao ungelala chini ya zege milele, au ungechanganywa na kifusi na kuuzwa kwa mtu kama mimi. Hauzi udongo wa msituni. Wapo jirani zake wanaouuza, shilingi 500 gunia, mweusi, mwepesi, unavutia kwelikweli. Nilimuuliza kwa nini asiuuze na wateja wanautaka. Akaninyooshea kidole upande wa miti ya Msitu wa Karura, akasema ule umeshapata mwenyewe. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kumpelekea pesa zangu.

Nilipiga hesabu nyumbani. Magunia 20 yalijaza kitanda cha mita saba za mraba kwa kina cha sentimita 20. Sentimita moja ya udongo huchukua mamia ya miaka kutengenezwa kutoka kwenye mwamba. Maana yake kile kitanda changu cha dhania kilianza kutengenezwa kabla hapajakuwa na mji hata mmoja pwani yetu. Nililipa shilingi 7,000. Sijui niseme ni bei nafuu au niseme hatukupaswa kuwa tunauziana kabisa, ila kwa kuwa shamba lile la kahawa limeshakwenda, nashukuru futi yake moja iko kwangu na inazaa.

Na inazaa. Sukuma wiki tulianza kuchuma wiki ya sita, majani ya kijani kibichi, mapana kama sahani. Karoti zilishuka moja kwa moja bila kugawanyika miguu. Msimu wa vuli nilipanda managu na terere, tukala na tukauza kidogo kwa jirani. Ukichimba kwa mkono unakutana na nyungunyungu, ambao hawakuwahi kuonekana kwenye lori la kwanza. Mvua za Oktoba zilipokuja nilikuwa nimeshajenga ukingo wa mawe kuzunguka kitanda, kwa yale yale yenye ganda ambayo zamani niliyatupa, na juu nikatandaza nyasi kavu jinsi mama alivyonielekeza. Hakuna hata tone jekundu lililopita chini ya geti. Kwenye mawe ya upande wa kivuli umeanza kuota ule ukoga wa kijivu, ambao nao hutoa asidi na kulila jiwe polepole. Nimeuacha.

Kasoro zipo, na zisemwe. Kanta niliahidiwa saa mbili asubuhi, ikafika saa tisa alasiri, nikapoteza kibarua cha siku nzima. Magunia hayalingani: mengine yamejaa hadi mdomoni, mengine yamepungua debe zima, kwa hiyo simama pale yakijazwa. Katika mzigo wa pili, gunia moja lilikuwa na samadi isiyooza vizuri, harufu yake ilichoma macho, na miche yangu ya dhania ikaungua kwenye ncha. Nilimpigia simu, akanibadilishia bila ubishi, lakini miche haikurudi. Pia kulikuja ndago, nimezing'oa wiki hadi wiki na bado zinachipuka. Na hapimi asidi ya udongo. Mwenye kutaka kipimo hicho na vya virutubisho aende maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Kabete.

Kwa mzigo wa tatu sikununua udongo mtupu. Alinishauri nichukue magunia sita tu, niyachanganye na udongo wangu mweusi na makapi ya kahawa kwenye kitanda kipya kilichoinuliwa, kwa sababu udongo mweusi una chumvi na rutuba ambazo mvua ya Kiambu ilishaziondoa kwenye ule mwekundu. Angeweza kuniuzia 20. Kitanda hicho kina wiki tano sasa, vitunguu vimesimama, na nyufa hakuna mpaka leo ingawa jua ni kali.

Siku hiyo nilimbebea zawadi: jiwe la fonoliti la ukubwa wa kichwa, lenye ganda pande zote. Akaniomba nilipasue mbele ya wateja wake. Nikaligonga kwanza upande wa ganda, pu, kisha nikalibandua kidogo na kugonga kiini, likalia. Nusu moja iko juu ya meza yake karibu na glasi zile mbili.

Nampa nyota nne kati ya tano, ya tano nimeizuia kwa ajili ya kanta. Ukienda, enda na kopo la udongo wa kwenu na donge lililokauka, na ujue mapema maji ya kwenu huelekea wapi, maana atakuuliza. Jumapili hafungui kabla ya saa nane mchana.